Kadi ya Watu Wawili

Natengeneza kadi za harusi hapa Makambako. Mashine ninayo, lakini majina ya waalikwa bado nayaandika kwa mkono. Nikifungua rimu mpya ya karatasi ngumu, ile harufu yake kavu, kama ya mbao iliyorandwa, hunirudisha jikoni kwetu Njombe, nikiwa darasa la tano.

Binti wa shangazi alikuwa anaolewa. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa, nilipewa kadi zote nijaze majina pale penye nukta nukta. Niliandika mpaka vidole vikafa ganzi: Bwana na Bibi fulani, Bwana na Bibi fulani. Ya mama nayo nikaiandika hivyo hivyo, jina la baba likitangulia. Baba tulikuwa tumemzika msimu uleule, kabla mahindi hayajakomaa.

Shangazi ndiye aliyeiona. "Lete hiyo, mwanangu, uandike nyingine."

Mama aliichukua, akaisoma taratibu, akapuliza wino ukauke.

"Iache, wifi. Nitaenda na hii."

Siku ya harusi alivaa koti la baba, zito, likimfika magotini. Mlangoni mwa ukumbi wa kanisa waliitazama kadi, wakampa viti viwili. Akalivua koti, akakivisha kiti cha pili, akakaa.

Baadaye ukumbi ulipofurika, mzee mmoja alikuja kukivuta kile kiti.

"Samahani, baba," mama alisema. "Hapo pana mtu."