Marahaba ya Mama

Mimi si mtu wa kutulia. Hata leo nikiambiwa nisubiri mahali, kiti humwachia mwingine. Lakini sijawahi kuhangaika kama nilivyohangaika katika wodi ya wanawake kule Kilosa, mwaka ule mafua makali yalipopita vijijini, si muda mrefu baada ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa.

Nilikuwa nafundisha Mikumi. Habari ililetwa na dereva wa lori la mahindi: mama amelazwa, kifua kimembana, niende haraka. Nilipanda lori lilelile. Njia nzima ilikuwa matope, na njia nzima nilimsumbua dereva wa watu kana kwamba matope ameyamwaga yeye.

Nilimkuta mama kwenye kitanda cha karibu na meza ya manesi, na kila mtu alijua maana ya kitanda kile. Waliozidiwa ndio waliowekwa pale. Kando yake ulisimama mtungi wa oksijeni, na usoni alikuwa amevishwa kifuniko cha mpira. Mbavu zilikuwa zinabonyea kila akivuta pumzi. Daktari hakunificha. Alisema ni kirusi cha mafua, kimeshuka mapafuni, na dawa ya kukiua hana. Anachoweza ni kumpa hewa mpaka mwili wenyewe upigane. Mtungi uliobaki ulikuwa huo mmoja, mwingine ungekuja na treni. Nikamwuliza treni lini. Akainua mabega.

Basi nikawa natembea kati ya mshale wa kipimo cha mtungi na mlango, mlango na mshale. Mlangoni wakaja wageni. Kijijini kwetu, jirani na Chanzuru, mgonjwa hatembelewi na mtu mmoja mmoja. Lilikuja kundi zima la shamba la ujamaa, likiongozwa na balozi wa nyumba kumi. Kila mmoja akasogea, akainama, akasema shikamoo mama. Na mama yangu, mtoto wa milima ya Lumuma aliyelelewa misheni, hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtu ikining'inia. Alishusha kifuniko, akatafuta pumzi, akajibu marahaba. Akaja wa pili, ikawa hivyo hivyo. Oksijeni ikawa inampuliza shingo. Midomo ikageuka kijivu.

Nesi alipoona, akatoa amri kwamba mama asisalimiwe na mtu yeyote, na mimi nikawekwa mlangoni kuisimamia. Hasira zangu zikapata kazi. Nikawaambia wageni wote wa baada ya hapo waingie, watazame, watoke, midomo imefungwa. Balozi, mtu mzima, aliporudi siku ya pili alinisikiliza mpaka mwisho, kofia yake mkononi.

"Mwalimu," alisema, "umesoma mpaka salamu zimekutoka?"

Nilimjibu vibaya. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu hutoka kwa sura ya ukali. Wakaingia kimya, wakasimama miguuni pa kitanda wamefumbata mikono, wakatoka kimya. Wengine walifuta macho.

Mchana huo mama alikivua kifuniko akakisukuma mbali. Nikakirudisha, akakivua tena. Hakuwa na nguvu hata za kugeuka kitandani, lakini za kukataa alizipata. Nikampandishia sauti, nikamwuliza kama anataka kufa. Akanivuta karibu, akasema kwa vipande.

"Wanaingia... hawanisalimu. Wananitazama... tu." Akatulia, akitafuta hewa. "Mbona hamniambii... kwamba nimekwisha?"

Ndipo nilipoelewa. Kwetu mtu mzima anayetembelewa bila shikamoo ni mmoja tu, yule aliyekwisha kufunikwa shuka. Tulikuwa tumemuaga mama yangu angali hai, na yeye, mtu wa adabu, alikuwa anajiandaa kuondoka.

Nikapiga goti sakafuni. Nikamvisha kifuniko, nikakishikilia kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nikautia ndani ya wake.

"Shikamoo mama," nikasema. "Nijibu kwa kidole."

Alinitazama kwa mashaka. Kisha kidole chake kikanibonyeza kiganjani. Nililia mbele ya wodi nzima, wala sikuona aibu. Nesi akasema huo ndio utaratibu mpya na wote waufuate. Nikatoka nje kumtafuta balozi, nikampa kwanza shikamoo yake mwenyewe, naye akachelewa kuipokea makusudi, ili niisubiri. Halafu akaingia, akasalimia, akabonyezwa kiganja, akatoka akijisifu kwamba yeye amebonyezwa mara mbili.

Treni ilifika mshale umelala chini kabisa. Wapagazi wa stesheni waliuleta mtungi mpya kwa mkokoteni, na mimi nikiwa mbele yao nawahimiza. Si wote waliolala kitanda kile msimu ule waliotoka kwa miguu yao. Mama alitoka.

Ila mapafu hayakurudi yote. Aliishi miaka mingi kwa pumzi pungufu, na neno lake likakatika katikati: mara, anavuta hewa, haba. Tulimtania kwamba anatupunja salamu, naye alijibu kuwa haba na haba hujaza kibaba. Wanangu walikua wakipokelewa kwa marahaba ile. Leo ni watu wazima, wanaamkiwa na watoto wadogo, na vifua vyao ni vizima kabisa, lakini wote wanatua katikati ya neno. Nami, mwalimu mzima, sijawahi kuwasahihisha.