Kiti cha Marehemu Metre Abdoul

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya mihogo ya Wamaza, na Mama Djamila anashuka kwenye pikipiki akijishika kiuno.

"Mimi nanyamazisha watoto mia kwa kukohoa mara moja tu," anajigamba. Anapiga hatua mbili, anasimama. "Watoto wa wenyewe. Wajukuu zangu nikikohoa wananiletea maji, halafu wanaendelea kupigana."

Ana miaka sitini na miwili. Alifundisha shule za msingi za Kasongo kwa miaka thelathini na minne, na sasa anazunguka vijijini kuwafunza walimu namna ya kutuliza darasa bila fimbo. Safari hii ana walimu thelathini na mmoja, siku tano, na ubao mmoja wenye ufa. Leo ni siku ya nne, siku ya kutembelea madarasa.

Kwa kawaida shule unaisikia kabla hujaiona. Hii haisikiki.

Darasani kwa Mwalimu Clovis mna watoto themanini na saba kwenye madawati kumi na manne. Wote wameweka mikono juu ya dawati. Nzi anatembea kwenye shavu la mtoto wa mbele, na mtoto anamwacha amalize safari yake.

Kisha wanasimama wote pamoja, wanampa Clovis mgongo, wanaelekea ukuta wa nyuma.

"Bonjour, Metre."

Kule nyuma kuna kiti kitupu. Kimevishwa koti la kahawia, na juu yake kuna daftari. Mama Djamila anashtukia naye ameinamisha kichwa.

"Nilikisalimia kiti," anakiri baadaye. "Hakikuitikia, nashukuru."

Koti ni la Metre Abdoul, mwalimu aliyefundisha hapa mpaka alipofariki msimu wa mvua uliopita.

"Fimbo nilitupa, Mama," Clovis anaeleza. "Marehemu iko anachunga. Mutoto akipiga domo leo, kesho asubuhi tunakuta jina lake kwenye daftari, kwa wino mwekundu."

Mwenye jina hukaa chini kando ya kiti siku nzima, pale ambapo mkono wa koti unamgusa bega.

"Na anayeandika ni nani?"

"Mimi daftari ile sijaigusa hata siku moja. Haki ya Mungu!"

Emmanuella, miaka minane, aliandikwa kwenye daftari hilo miezi miwili iliyopita. Mama yake anamenya mihogo uani, kisu kinakwenda polepole.

"Huyu alikuwa anaimba mpaka majirani wanalalamika. Tangu siku ile hasemi tena. Akitaka maji, ananionyesha kikombe. Mutoto nilirudishiwa, sauti yake ilibaki kule."

Lakini mkuu wa shule amefurahi. Anataka kesho, siku ya kufunga mafunzo, Mama Djamila atie sahihi kwamba darasa la Clovis ndilo la kuigwa. Walimu watatu wamekwisha kuulizana kama marehemu wa shule zao watafaa.

"Nikitia sahihi, vijiji vyote hivi watoto watasalimia makoti," anasema. "Mimi nataka niondoke hapa nimesikia sauti ya yule mutoto. Basi."

Adhuhuri watoto wanatawanyika bila kelele, kama watu wanaotoka mazikoni. Hakuna upepo, lakini mkono wa koti unatikisika kidogo. Mama Djamila anaukazia macho, halafu anaona afadhali amtazame Clovis.

"Mwalimu, nisikufiche. Ulipotoka kidogo, Pitchou wa kule nyuma alipiga domo sana."

"Pitchou!" Clovis anatikisa kichwa. "Yule tena! Mutoto mukorofi."

Ijumaa asubuhi walimu thelathini na mmoja wamesimama kuzunguka kuta. Watoto wamekwisha kukisalimia kiti. Mama Djamila mwenyewe anafungua daftari. Wino mwekundu, herufi za kulala: *Pitchou*.

Anasoma jina kwa sauti. Baridi inapita darasani. Mwalimu mmoja naye anajisogeza mbali na kiti.

"Pitchou asimame."

Hasimami mtu. Watoto wanatafutana kwa macho tu, vichwa havigeuki.

"Pitchou!" Clovis ananguruma kuelekea madawati ya nyuma. "Usijifiche, nakuona!"

"Unamuona?" Mama Djamila anafunga daftari taratibu. "Basi una macho, baba. Marehemu alijua kila mutoto wake kwa jina. Aliyeandika hapa hajui majina yao. Pitchou ni mbuzi wangu, nimemuacha Kasongo, amefungwa nyuma ya jiko."

Clovis anatumbukiza mkono wa kulia mfukoni, lakini walimu wa upande ule wamekwisha kuona kidole chekundu kwa wino.

Halafu, kutoka dawati la tatu, sauti nyembamba yenye kutu, sauti ya mtu aliyekaa miezi miwili bila kuitumia:

"Meee," anasema Emmanuella.