Mashua Iliyolazwa Mgombani

Nakumbuka siku mashua ilipofika hapa Nyaishozi ikiwa juu ya lori la kahawa. Watoto waliikimbilia, wanawake wakaacha majembe shambani, na mzee mmoja jirani yetu, ambaye hakuwahi kuliona ziwa maishani mwake, akauliza kama kitu kile kinakula majani. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kicheko hicho kishike vizuri, mwanangu, maana katika habari hii hakuna kingine.

Nakusimulia kwa sababu nimesikia umeonyeshwa mashua ya tanga inayouzwa, iliyokwisha kutumika, na unataka kuvushia watu Ziwa Burigi. Hukuniomba ushauri, umeniomba baraka tu. Baraka utapata. Lakini jana nilikuona ukifagia kile kibanda cha mgombani, na nilipouliza cha nini, ukasema cha kulazia mashua. Usiku sikupata usingizi. Kaa chini.

Baba yako, Anatory, alikuwa kijana mwenye akili, na sitakubali mtu aseme vingine. Ilikuwa miaka ile baada ya vita, petroli ilikuwa ya kunusa tu, na barabara ya kuzunguka ziwa ilikuwa mbaya. Ng'ambo ya Burigi watu walitaka maharage yetu. Baba yako akasema, upepo haununuliwi dukani. Akauza ng'ombe wa urithi wake, akamchukua mdogo wake Respicius, wakashuka hadi ziwa kubwa, kwenye mwalo mmoja wa wavuvi, pale mashua zinapopumzika, karibu na Bukoba.

Baba yako mdogo Respicius hukumwahi. Nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi mgeni, ndiye aliyekuwa akinichotea maji, vijana wenzake wakimcheka kwamba anafanya kazi ya kike. Naye akiwajibu kwamba maji hayana jinsia, kiu ndiyo yenye mwenyewe. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Katika kununua, baba yako hakukosea. Pale mwaloni madalali walimvuta kwenye mashua iliyopakwa rangi mpya, imelala mchangani, inang'aa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akaikataa. Akachagua nzee moja yenye tanga la viraka, iliyokuwa imefungwa majini, akamwomba mwenyewe wazunguke nayo kwanza. Walipofunua mbao za chini wakakuta pakavu. Hiyo ndiyo akaichukua. Yule mzee aliyewauzia, alipokuwa anafungua kamba, akawaambia, "Wanangu, msiiache ikakaa na kiu." Respicius alikuja kunisimulia hapa hapa jikoni akiiga sauti ya yule mzee, tukadhani ni maneno ya mtu anayeachana na kitu alichokipenda.

Basi mashua ikafika, ikawa ilale hapa siku moja kisha ipelekwe ziwani. Siku hiyo hiyo akaja Bigirimana. Huyu alikuwa mtu wa Burundi aliyehamia huku na mkewe, akatuchumia kahawa miaka mingi, kisha akahamia kando ya Burigi kuvua. Alituletea samaki wa kukaushwa, akaizunguka mashua polepole, akasema, "Kaka Anatory, iache kwangu. Nitaifunga majini mbele ya mlango, nitailinda kama mtoto wangu."

Baba yako akamshukuru vizuri sana, akampa na mkungu wa ndizi. Alipoondoka tu, akasema, "Mtu wa kuja huyo. Leo yupo, kesho amevuka mpaka na mashua yangu."

Respicius akamuuliza, "Ataivushaje, kaka? Ataibeba kichwani?"

"Wewe bado mtoto," baba yako akamjibu, na neno likaishia hapo.

Mashua haikwenda ziwani. Ikalazwa mgombani, katika kibanda kile kile, kando ya mtumbwi wa rubisi. Unaujua mtumbwi ule, mwanangu, tunaokanyagia ndizi mbivu tukitengeneza pombe. Kwetu huoshwa, hukaushwa, hufunikwa kifudifudi mahali pasiponyeshewa, na kwa utunzaji huo umedumu tangu enzi za baba yake babu yako. Basi mashua nayo ikafunikwa kifudifudi, ikaezekewa nyasi. Kila aliyepita alisifu, wazee kwa vijana. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mtumbwi wa rubisi ni gogo moja lililochongwa, na mashua ni mbao nyingi zilizoungwa, zikazibwa pamba katikati, na kinachozibana ni maji yenyewe. Sisi ni watu wa migomba. Tulichokijua, tulikijua kweli. Tulikosea kudhani ndicho kila kitu.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu na kikali. Mvua ya kwanza ilipoonekana mawinguni, habari zikaja kwamba ng'ambo wanatafuta mbegu za maharage kwa udi na uvumba. Baba yako akatafuta lori, mashua ikashushwa Burigi pamoja na magunia. Nami nilikwenda, nikiwa na dada yako mgongoni.

Bigirimana alikuwa pale ufukweni. Aliinama, akaingia chini ya mashua kabla haijasukumwa majini, akalala chali. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. "Waitu, kaka, nakusihi, leo usipakie. Naona jua linapita kati ya mbao. Izamishe hapa kwenye maji mafupi, itie mawe, iache inywe mpaka mbao zivimbe."

Baba yako akamtazama. "Nizamishe mashua yangu kwa mikono yangu? Ndiyo busara ya kwenu hiyo?"

Watu waliokuwapo wakacheka. Baba yako akaomba vitambaa, nikachana kitenge changu, akaziba nyufa alizoziona, na magunia yakapakiwa. Respicius alimtazama Bigirimana, kisha akamtazama kaka yake. Unajua desturi yetu, mdogo hambishii mkubwa mbele za watu. Alipanda. Hakujua kuogelea, wala baba yako hakujua. Nani angetufundisha huku milimani?

Tanga likashika upepo, nami nikaona fahari. Kisha nikamwona Respicius ameinama anachota maji kwa kopo. Halafu wote wawili wanachota. Maharage makavu, mwanangu, unayajua yakilowekwa. Yalikunywa yale maji ambayo mbao zilipaswa kuyanywa, yakawa mazito, na mashua ikazidi kushuka bila hata wimbi, mpaka likabaki tanga. Nilipiga kelele ambazo mpaka leo dada yako husema anazisikia ndotoni, na alikuwa mtoto wa mgongoni.

Bigirimana alikuwa tayari yuko majini. Alipoona wameng'oa nanga alichukua kimtumbwi chake akawafuata nyuma, hakusubiri kuombwa. Akamkamata baba yako kwenye ukosi wa shati. Lakini Respicius hakuonekana. Watu walitafuta, wakachoka, wakarudi mashambani kwao maana mvua ilikuwa imeanza. Bigirimana aliendelea peke yake, na ndiye aliyemwona, akamfunga katika shuka la kitanda chake mwenyewe, akatuletea.

Tulimzika mgombani, kama tunavyozika watu wetu. Bibi yako Verdiana hakulia. Udongo ulipokwisha kuwekwa alimwita baba yako mbele za watu wote. "Anatory. Uliogopa mgeni asikuibie mbao." Akapangusa udongo mikononi, tukadhani amemaliza. "Mashua kaitoe majini, umpe Bigirimana."

Akampa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mgeni alikuja, tena akatuita kwa jina, na mwenyeji akakataa kupona.

Baada ya miezi, bibi yako akaniambia nimsindikize Burigi, hakusema kwa nini. Tulikuta mashua imefungwa mbele ya mlango wa Bigirimana, ikielea. Alikuwa ameizamisha kwa mawe, akaiacha inywe, kisha akaitoa maji. Bibi yako akataka apandishwe. Akafunua ubao wa chini kwa mkono wake, akapitisha kiganja pale chini, kutoka mwanzo hadi mwisho, akakitazama. Kilikuwa kikavu.

Ndipo alipolia. Nilimshika, naye akawa anarudia neno moja tu, "Nzima. Kumbe ni nzima." Mama wa watu alikuwa amekuja akitumaini kukuta mashua mbovu, apate cha kulaumu kisichozaliwa na tumbo lake.

Baba yako hakukusimulia haya, nami nilimwachia kimya chake alipokuwa hai. Sasa hayupo, na wewe unafagia kibanda.

Kwa hiyo sikia. Ukinunua, nunua iliyo majini, na uipande kwanza na mwenye nayo. Rangi isikuchukue. Maneno ya anayekuuzia uyabebe pamoja na kamba, hata kama yanachekesha. Kuitunza, itunze pale inapotaka yenyewe, si pale roho yako inapotulia. Na kwa kuwa huwezi kulala ufukweni kila usiku, jua kwamba unapochagua mahali pa kuiweka unachagua mtu wa kumwamini. Watoto wa Bigirimana wako pale pale. Nenda kwao, wape shikamoo tunayodaiwa bado na baba yao, uwaombe nafasi mbele ya mlango. Na mdogo wako akikutazama bila kusema, mpe ruhusa aseme, hata mbele za watu.

Kibanda usihangaike nacho tena. Asubuhi hii nimekijaza kuni mpaka darini.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akuvushe salama, na kila utakayempakia umrudishe kwa mama yake.