Mikoba yangu ilikataliwa Guangzhou mpaka nilipojifanya mwanaume

Wakuu, salaam. Haya yamenitokea mwenyewe, sijahadithiwa na mtu, na hasira bado ninazo. Mnivumilie.

Mimi ni mke wa mtu, mzaliwa wa Tanga, niko Guangzhou nasoma masters ya fasihi ya Kihispania. Ndiyo, Kihispania, China. Chekeni mmalize.

Thesis yangu ni juu ya tamthilia za Wahispania za miaka mia nne iliyopita. Mwanamke mwema humo anakaa ndani na kunyamaza, heshima yote ya baba au mume kabebeshwa yeye. Akishukiwa tu, anaweza kuuawa.

Anayekataa anavaa suruali, anajipa jina la kiume, anakwenda kudai haki yake. Nilikuwa nasoma nasema, watu wa zamani walikuwa na mambo!

Basi, wikiendi huwa nawatafsiria wanunuzi wa Kolombia kule Shiling, kwenye viwanda vya mikoba. Safari hii nikanunua na yangu, ifike dukani kwa mama kabla ya Idi.

Wabongo wenye mizigo midogo huku tunachangia kontena. Anayekusanya ni kaka mmoja, tumwite Hemedi. Nikampigia.

"Shemeji, nasikia unazunguka Shiling na wazungu kwenye gari la kukodi. Mumeo anajua? Anipigie kwanza, sitaki lawama."

Lawama ya nini? Mikoba ina dhambi gani? Wanaume wamejaa kwenye kontena hilo, na hakuna hata mmoja aliyeombwa ruhusa ya mkewe!

Nikagoma. Nikafungua WeChat nyingine kwa laini yangu ya pili, jina Salim, picha ya gari. Nikamwandikia kuhusu mzigo uleule.

Hemedi akajibu papo hapo: "Karibu sana laoban." Laoban ndiyo bosi kwa Kichina. Mimi nilikuwa shemeji tu.

Siku ya kupakia nikaenda ghalani. Katoni zangu zilikuwa zimeshapangwa mlangoni mwa kontena. Nikamwambia, "Salim ni mimi."

Watu wakaangua kicheko. Hemedi akasema yaishe, mzigo utaenda, ila jina libaki la Salim, "tusimwaibishe mumeo."

Wakuu, tamthilia zile nyingi huisha hivyo. Dada anarudi kwenye gauni, anaolewa na yuleyule aliyemdhulumu, na wote wanafurahi. Nami nimeandika kurasa kibao kusifia mwisho huo. Nilijionea aibu palepale.

Nikachukua marker, nikalikata jina la Salim kwenye kila katoni, nikaandika langu. Hemedi akaamuru zishushwe zote. Kontena likafungwa mbele ya macho yangu, na Idi ya mama ikawa imeharibika.

Nikampigia mume wangu nikamweleza yote. Akasema, "Si ungeniacha tu niongee naye?"

Hilo liliniuma kuliko mikoba.

Nilichojifunza ni kwamba kujificha nyuma ya jina la mwanaume kunakuvusha mlango mmoja tu, na mwenye mlango anabaki yuleyule.

Karibuni mchangie, hasa mliooa. Hemedi angekupigia wewe kuuliza kama umemruhusu mkeo, ungemjibu nini?