Madam Rudia na Tope la Ukingoni

“Shangazi, kama kila kitu unakirudia mwenyewe, hawa wanafunzi huwa wanakuja kufanya nini?”

Aliyeuliza alikuwa na pengo la meno ya mbele, na kwao walimwita Bi Maswali. Shangazi yake, mwalimu wa uraia, alikuwa ameinama juu ya mtaro unaotenganisha sekondari na shule ya msingi, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni. Alisema tu, “Nisogezee toroli, na domo lako hilo.”

Wanafunzi walishaondoka. Kila Jumamosi ilikuwa hivyo hivyo: wanakuja kuzibua mtaro, wanapiga picha wameshika sepetu kama wanajeshi, wanalitoa tope na kulirundika pale pale ukingoni, kisha hao, mguu niponye.

“Wanangu, mvua ikinyesha linarudi ndani! Nimesema mpaka koo limekauka!”

“Sawa, Madam!” wanaitikia kwa pamoja, na hakuna anayeligusa toroli.

Basi hubaki yeye, anasonya na kulisomba lote hadi shimo la kona ya uwanja. Ndiyo maana walimbandika jina Madam Rudia. Nyumbani alijikanda kiuno akilalamika, mpaka kaka yake, baba yake Bi Maswali, akachoka.

“Dada, si uwaache tu?”

“Niwaache? Maji yakiingia kwa wale wadogo wa darasa la kwanza, utadeki wewe?”

Miaka ikaenda. Bi Maswali alipofika kidato cha tatu, Shangazi aliteleza bafuni akavunjika mkono. Jumamosi akaja vivyo hivyo, mkono ndani ya plasta, akaketi kwenye kiti akapiga kelele zake. “Sawa, Madam!” wakaitikia. Tope likabaki ukingoni.

Jumapili mvua ikamwagika. Jumatatu asubuhi watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamesimama juu ya madawati, madaftari yanaelea. Mmoja aliyekuwa akilia kwa sauti alikuwa mdogo wake mwanafunzi mmoja wa sekondari aliyeitwa Mrefu, bingwa wa kupiga picha pale mtaroni. Mrefu alimbeba mgongoni, akamgeukia mwalimu kwa hasira.

“Madam, si huwa unalitoa wewe?”

“Kwa mkono upi?”

Mrefu akaitazama ile plasta.

Jumamosi iliyofuata simu hazikuonekana. Mrefu alilisukuma toroli kwa pupa, likapinduka katikati ya uwanja, nusu ya tope ikamwagika. Akaanza kulizoa upya. Shangazi alikurupuka kwenye kiti, kisha akajirudisha, amefura kama andazi.

“Shangazi, leo hurudii?” Bi Maswali alicheka.

“Uliwahi kuniuliza huwa wanakuja kufanya nini,” alisema, macho hayabanduki kwenye toroli. “Wanakuja kukosea, mwanangu. Na mimi nilikuwa nawanyima hata hilo. Sasa nikandamize begani nisije nikainuka. Hebu mwone yule, analisukuma na gurudumu halina upepo!”