Alama Thelathini za Mzee Pua

Wanafunzi walimwita Mzee Pua, na jina hilo alilivaa kama cheo. Alikuwa mtunza ghala wa shamba la chuo, elimu yake darasa la saba, lakini hakuna aliyepata shahada ya biashara ya kilimo pale bila kupita mikononi mwake. Somo langu la ununuzi wa mazao lilikuwa na alama mia: sabini nilizitoa mimi, thelathini alizitoa yeye. Zangu wanafunzi walizipata kwa kukariri. Zake zilikuwa hazikaririki.

Mtihani wake ulikuwa hivi. Magunia matatu ya mahindi yanasimamishwa ukutani, yote yameshonwa vizuri. Mwanafunzi anapewa dakika kumi na bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia na kuchota punje za ndani. Gunia mojawapo huenda limevunda katikati, maana walanguzi wanajua sana kupanga mahindi mazuri juu na pembeni. Mwanafunzi anachoma, anatazama, ananusa, anatafuna, halafu anasema: nanunua hili, nakataa lile, kwa sababu hii na hii. Mzee amekaa kwenye stuli yake, mikono magotini, kimya. Nimewaona vijana wenye alama za juu darasani wakitoka mle wamelowa jasho.

Sasa mwaka huo chuo kikashikwa na homa ya tathmini. Kila mwalimu aeleze kwa maandishi anajuaje kwamba mwanafunzi wake amejifunza. Yakaletwa majedwali ya vigezo vitano na ngazi nne, na kamati ya watu ambao sidhani kama waliwahi kufungua gunia ikatangaza kwamba alama za ghala hazina ushahidi. Nilikasirika. Nikawaambia jedwali la ghala nitaliandika mwenyewe. Nilimpenda yule mzee, nisifiche. Hata mimi alinipima enzi zangu, na mara ya kwanza alinifelisha.

Nikakaa naye ghalani alasiri tatu, kalamu mkononi.

"Unampaje mtu alama, Mzee?"

"Namtazama usoni."

"Usoni tena? Si anachosema?"

"Mdomo unaweza kubahatisha, mwanangu. Mtu akinusa kitu kibovu, uso unatangulia. Andika hapo: uso."

Nilicheka sana. Nikaandika "utambuzi wa harufu", nikajiona mjanja. Kamati ikakubali kwa shingo upande kwamba mtihani ufanyike mara moja zaidi, mjumbe wao akiwepo, ndipo waamue kama ubaki.

Wanafunzi walikuwa thelathini na mmoja. Waligawanywa watano watano, kila kundi na magunia yake, wasije wakapenyezeana majibu. Akabaki mmoja, akawekewa magunia yake peke yake. Wenzake walimwita Mama Pacha. Alikuwa na miaka thelathini na minne, ameuza mahindi sokoni miaka tisa kabla ya kuja chuoni, na ufadhili wake ulikuwa unakoma mwaka ule. Akifeli ghala, shahada ndiyo basi tena.

Alichoma, akanusa, akatafuna. Uso mkavu.

"La kwanza nanunua, la tatu nanunua," alisema. "La pili nakataa. Limevunda katikati."

Mzee alimkodolea macho kwa muda mrefu. Akafungua daftari lake, akalifunga.

"La pili ni zima. Umebahatisha."

Akampa alama nane. Za kufaulu zilikuwa kumi na tano. Mjumbe wa kamati akaandika, na mimi nikaandika.

Kesho yake asubuhi Mama Pacha alikuja ofisini kwangu, akabaki amesimama mlangoni.

"Mwalimu, sikuja kuomba alama. Naomba mtu akanuse lile gunia."

Nikamuuliza, kama ni bovu kiasi hicho, mbona uso wake haukuonyesha chochote.

"Sokoni ukionyesha umependa, bei inapanda. Ukionyesha umechukia, muuzaji anaanza kukuapia viapo. Mimi uso niliacha kuutumia zamani, mwalimu."

Nikashuka ghalani. Mzee alikuwa anafagia. Gunia la pili lilikuwa pale pale. Nilizamisha bambo mpaka katikati, nikamimina punje kiganjani. Kwa macho zilikuwa safi kabisa, hata rangi hazijabadilika, lakini uvundo ulinipanda mpaka machoni. Nikampelekea kiganja.

"Mzee, hebu nusa."

Aliinamisha kichwa, akavuta pumzi, ila macho yake yalikuwa juu, yananitazama usoni. Hapo ndipo nilipoelewa.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu. Daktari anasema vumbi."

Akaketi kwenye stuli akanieleza yote bila kujitetea. Kila wiki ya mtihani alikuwa akichukua punje za kila gunia, anazifunga kwenye vikaratasi vyenye namba na kwenda nazo nyumbani. Aliyenusa ni mkewe. Mkewe akisema hili bovu, yeye anaandika daftarini. Siku ya mtihani nyuso za wanafunzi zinamthibitishia. Mwaka huu mkewe hakuwepo. Tulikuwa tumemzika miezi minane nyuma, na mimi nilikuwepo mazishini. Akachagua magunia kwa macho na vidole. Alipokuwa amekosea, nyuso za wale thelathini zilimwonya, akasahihisha daftari kimyakimya. Yule wa mwisho hakuwa na uso wa kusomeka.

"Tuseme magunia yalichanganyika," nilimwambia. "Mama Pacha apate haki yake, na wewe ubaki." Nilikuwa nimekusudia kabisa. Ningesema mbele ya kamati nzima wala nisipepese.

Alitikisa kichwa.

"Nimewafelisha watu hapa kwa uongo mdogo kuliko huo. Niandikie barua ya kukiri na kuacha kazi, mwandiko wangu mbaya. Yule mama mpe thelathini zote."

Nikaiandika. Mama Pacha alifaulu, na kamati ikafurahi. Walijitahidi kuficha, lakini walifurahi. Mtihani wa ghala ukafutwa, yakawekwa maswali arobaini ya kuchagua. Swali la kumi na saba linauliza mahindi yaliyovunda hutambuliwa kwa nini, na jibu ni herufi be, harufu. Mwaka uliofuata walilipata wote. Ripoti ikasema kiwango cha kujifunza kimepanda, nami nikaitia sahihi kwa sababu ndimi mkuu wa somo. Naona aibu mpaka leo.

Ila kinachonikosesha raha zaidi ni siku aliyokuja kukabidhi funguo. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Tulihesabu funguo, tukajaza fomu, nikadhani ameaga. Akatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kitambaa cha kichwa cha kike, cha kijani, kimekunjwa mara nne.

"Kazi imeisha, hilo nimelikubali," alisema. "Hiki ni cha mama watoto. Nakiweka kwenye sanduku la bati. Kila Jumapili nakitoa, nanusa weee, hakuna kitu. Sijui kama ni pua yangu, au ni yeye ndiye kaisha humo. Wewe pua yako nzima, mwanangu. Ninusie."

Nikakipokea kwa mikono miwili, nikakinusa. Nikakigeuza, nikanusa tena. Kulikuwa na sabuni na kutu ya bati, basi.

"Yumo, Mzee," nilisema.

Akakipokea, akakikunja bila kuniangalia, akashukuru, akaondoka.