Karatasi Kumi na Moja Kumhusu Sebagabo

Mimi nina mdomo, sikatai. Nilikulia Karagwe, Tanzania, nikarudi Rwanda na Kiswahili changu chote, na sasa ndicho ninachofundisha katika sekondari moja hapa Gisenyi. Mkuu wa shule akikosea mkutanoni, namwambia. Mwanafunzi akija na kola chafu, atanisikia. Basi nielezeni, mtu mwenye mdomo kama huu anawezaje kukaa zaidi ya mwaka karibu na mwenzake anayezama, asimuulize hata neno moja? Nimejiuliza mpaka leo, na bado nimepigwa na butwaa.

Mwenzangu huyo ni Sebagabo, mwalimu wa biolojia, miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Masisi, Kongo, ng'ambo ya mpaka. Sote wawili tunakaa Rugerero, nje kidogo ya mji. Alikuwa mtu wa vituko. Alichora figo ubaoni, kisha akawauliza wanafunzi kama maharagwe hayo yameiva. Asubuhi alikuja shuleni kwa miguu, akitucheka sisi tulioshuka kwenye pikipiki na vumbi mpaka kwenye kope. Mkewe, Illuminée, alifariki mwezi wa tatu mwaka jana. Siku ya nne baada ya mazishi Sebagabo alikuwa ubaoni, chaki mkononi, na sisi tukamsifu. Kwetu husemwa kwamba machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni. Ni mimi niliyeyasema maneno hayo katika chumba cha walimu, tena kwa sauti, na wenzangu wote wakaitikia kwa kichwa.

Mwezi wa tisa shule ikaamua kwamba kidato cha nne wapate saa moja kwa wiki ya kujifunza afya ya akili. Walimu tuliikwepa saa hiyo kama zamu ya kusimamia usafi wa vyoo. Sebagabo akaichukua. Alihudhuria mafunzo ya siku nne, akarudi na daftari, akaanza. Darasa langu lilikuwa limepakana na lake, ukuta mwembamba, kwa hiyo nilisoma pamoja na watoto nikitaka nisitake.

"Kichwa kinagonjwa sawa tumbo," aliwaambia. "Mukiona mutu amebadirika, mumuulize. Kama munaogopa anataka kujiua, mumuulize vilevile, wazi. Kuuliza hakumupatie mutu mawazo ya kufa. Kunamupatia nafasi ya kusema. Donc, kwa hiyo musiogope."

Nilisikia vizuri sana. Nikasema moyoni kwamba Sebagabo anafundisha kweli, kisha nikarudi kwenye ngeli zangu.

Mwezi wa tano mwaka huu alikuja nyumbani kwangu akimvuta mtamba mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. "Mukasine, huyu ni wako," akasema. Anayekupa ng'ombe hapa amekupa udugu, na hakuna anayeuliza kwa nini. Kuuliza ni kumtukana. Nilipiga kelele za furaha mpaka majirani wakatoka. Nikaleta pombe ya ndizi, nikainua mikono juu kama pembe, nikacheza mpaka kilemba kikaanguka. Sebagabo alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akitabasamu. Watu walisema sijawahi kucheza vizuri namna ile.

Ilipobaki wiki moja muhula uishe, aliwapa wanafunzi kazi ya mwisho. Kila mmoja alitakiwa kuandika kuhusu mtu mmoja wa karibu naye, bila jina, aeleze mabadiliko aliyoyaona kwake. Waandike kwa lugha yoyote. Ijumaa, kabla ya saa sita, Akaliza, kiongozi wa darasa lile, akanijia na karatasi kifuani. Ni msichana mkimya asiyeomba hata ruhusa ya kutoka nje.

"Madamu, hizi iko kumi na moja. Zingine tulimupatia. Hizi tunaogopa kumupatia."

"Mnaogopa nini?"

"Soma tu, Madamu."

Nikasoma nimesimama. Ya kwanza ilinichekesha kidogo. *Mutu wangu alikuwa anacheka sana, sasa anacheka na mudomo tu.* Ya pili: *Kila saa sita anapatia wengine sahani yake, anasema ameshiba.* Ya tatu: *Amepanga vitabu vyake ndani ya katoni, ameandika majina yetu juu, kila mutu na kitabu chake.* Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Ya tano ilisema mtu huyo hufuta ubao kabla hawajamaliza kuandika, husimama dirishani akitazama ziwa, na ukimwita haitiki mpaka mara ya tatu. Karatasi kumi na moja, watoto kumi na mmoja ambao hawakuambiana, na mtu mmoja tu.

Ya mwisho ilikuwa ya Akaliza mwenyewe, ambaye kwao ni jirani na kwangu.

*Mutu wangu alitoa ngombe yake. Nilikutana naye njiani akiipeleka kwa Madamu Mukasine. Alikuwa analia. Alipofika kwa mulango alipanguza macho. Madamu akacheza.*

Nilikaa kwenye dawati la mtoto, na Akaliza akanitazama kwa huruma, mimi mwalimu wake. Dalili ya mtu anayeaga, Sebagabo aliileta mpaka mlangoni kwangu akiivuta kwa kamba, nami nikaifunga zizini na kuikatia majani.

"Yuko wapi sasa?" nikauliza.

"Aliomba ruhusa. Iko kwake."

Sikumuaga mtu. Pikipiki ya kwanza niliyoiona ndiyo niliyopanda, na njia nzima nilimgombeza dereva kwa mwendo wake, maskini, naye hakuwa na kosa. Nilimkuta Sebagabo sebuleni, meza imefutwa safi. Juu yake kulikuwa na hati ya shamba, funguo, na barua kwa mwanawe Kenny aliyeko Kigali. Bahasha ilikuwa imeshafungwa.

"Mukasine? Saa hii? Karibu."

Lililobaki kichwani lilikuwa swali lake mwenyewe, lile nililolisikia ukutani mwaka mzima.

"Sebagabo, unataka kujiua?"

Nilitamani akasirike. Nilitamani aniite mwendawazimu na kunifukuza. Alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono miwili juu ya magoti.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa nangoja trimestre ya shule iishe, watoto wasipoteze masomo."

Nililia, nasema ukweli, nililia kabla yake. Nikamwambia sikuiona dalili, nimemkosea, nilicheza.

"We ulikuwa na furaha," akasema. "Mi nilisema, bon, angalau mutu mumoja iko na furaha. Lakini nilikaa pale kwa kiti nikingoja uniulize. Mutu mwenye mudomo kama wewe, nilifikiri utauliza."

Nilimpa zile karatasi. Alizisoma zote, moja baada ya nyingine, akizishika mbali na macho kwa sababu miwani alikuwa ameshaiweka kwenye katoni pamoja na vitabu. Alipofika ya saba mabega yakaanza kutikisika. Machozi yalishuka mashavuni, hayakwenda tumboni hata tone. Nilimwacha alie. Nilipomwambia twende kituo cha afya, aliinuka bila kubishana, akatafuta viatu vyake.

Muuguzi aliyetupokea anaitwa Resty, mama mpole aliyekulia Uganda. Alizungumza naye peke yake kwa zaidi ya saa nzima. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje, nikampigia simu Kenny, naye akasema anapanda basi sasa hivi. Kisha Resty akaniita ndani. Kulikuwa na fomu mezani, na sehemu moja ilikuwa bado tupu, ya mtu wa karibu atakayekuwa naye usiku huu na siku zinazofuata.

"Wewe ni nani wake?" Resty akaniuliza.

Jirani? Rafiki? Kila neno lilinichoma ulimi. Sebagabo ndiye aliyejibu.

"Huyu njo mutu aliniuliza."

Si kweli. Waliouliza ni watoto kumi na mmoja, mimi nilitumwa tu. Nilitaka kumwambia Resty hivyo, lakini alikuwa amekwisha kuninyooshea kalamu. Nikaandika jina langu.